Boti Iliyokaa Juu ya Matofali

Kwa miaka saba kamba yangu ya nguo ilifungwa upande mmoja kwenye mkaratusi na upande wa pili kwenye pua ya boti. Boti yenyewe ilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba yetu, Kapsoya, kati ya kibanda cha kuku na mistari ya mwisho ya mahindi. Mtu hafiki Eldoret akitarajia kukuta boti, na waliokuja kwangu kuchukua sweta za shule walikuwa wakiitazama kwanza kimya, kisha wanauliza kwa adabu. Mzee mmoja wa Burnt Forest hakuuliza ni kitu gani. Aliuliza inauzwa pesa ngapi, kwa sababu alikuwa na ng'ombe wengi na alitafuta kitu kirefu cha kuwanyweshea maji.

Nilicheka hadi nikaacha mishono ikatoka kwenye mashine. Mume wangu hakucheka. Alijifuta mikono, akamwambia, "Hii ni ya Turkana, Mzee. Ni ya kwenda huko mwisho kabisa, karibu na Ethiopia." Yule mzee akatikisa kichwa na kusema kwamba huko hakuna maziwa ya kuuza.

Mume wangu alikuwa fundi wa matrekta. Msimu wa kuvuna ulipofika, wenye mashamba makubwa ya Moi's Bridge walimgombania, na aliweza kulala huko juma zima chini ya mashine iliyokataa kutembea katikati ya mahindi. Safari moja aliitwa Turkana kutengeneza jenereta ya mradi fulani wa samaki. Kazi ilipoisha, wenye mradi wakampandisha boti yao, wakamtembeza kando ya ufuo kuelekea kaskazini hadi mafuta yakafika nusu, wakamrudisha. Alifika nyumbani midomo imepasuka kwa jua, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alizungumza tangu ugali unawekwa mezani hadi sahani zinaondolewa. Alisema kuna ufuo huko usio na mtu. Unakwenda tu, upande mmoja maji, upande mwingine mchanga, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Mradi ulipofungwa, alinunua gamba la ile boti, likiwa limepasuka tumbo, akalileta Eldoret juu ya lori la makaa.

Hatukupata watoto. Hilo tulikwisha kulizungumza hadi maneno yakatuishia, na sitalirudia hapa. Nasema tu kwamba nyumba ya watu wawili ina nafasi kubwa ya kimya, na kazi ya kuijaza ilikuwa yangu. Mimi ni msemaji. Nilikuwa nikisema nikifuma, nikisema nikikatakata sukuma, nikisema hata nikiwa nimeenda uani na yeye amebaki sebuleni. Yeye aliitikia kwa koo. Maneno yake yalikuwa mikononi. Kwa kuwa mimi ni mfupi, naye alikuwa mrefu wa kuinamia milango, siku za mwanzo za ndoa alipita nyumba nzima akishusha vitu bila kuniambia: rafu ya jikoni, ndoano ya koti, kioo. Akanipunguzia mpini wa jembe. Chini ya mashine yangu ya kufumia akapigilia kibao cha kuwekea miguu, maana nikiketi miguu yangu haifiki sakafuni, akakivisha kipande cha tairi kuukuu ili nisiteleze. Hakutangaza. Niliketi tu asubuhi moja nikakikuta. Nilimshukuru kwa maneno mengi, naye akaenda zake kunywa chai.

Injini ya boti aliipata baadaye, kuukuu, kutoka Kisumu. Ilipofika kwetu ilikohoa na kutoa moshi mweusi. Alinieleza, nikimshikia tochi, kwamba hewa ya huku kwetu ni nyembamba. Injini ya watu wa chini ikipanda huku inapata mafuta mengi kuliko hewa, inavimbiwa. Dawa yake ni kuipunguzia mafuta. Basi kila Jumapili, baada ya kanisa na chai, aliifunga injini kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, akafungua kabureta, akabadilisha vidude vya shaba vinavyopitisha mafuta, akaweka vidogo, akaweka vidogo zaidi, huku ameinamisha sikio. Mimi nilishika tochi na kuzungumza. Jumapili moja injini ikaanza kunguruma sawasawa bila kukohoa hata kidogo, naye akanyoosha mgongo na kuniangalia kama mtu aliyepata mtoto. Nilimwambia azime, jirani ana mgonjwa.

Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuniambia kwamba nitakwenda naye. Wala mimi sikuuliza. Mke kuomba lifti kwa mume wake nilikuona ni kujishusha. Nilikuwa na maneno ya kila jambo duniani isipokuwa hilo, na nilisubiri aseme mwenyewe. Asiyesema na anayesubiri kusemeshwa wakikaa nyumba moja, mambo hukaa tu.

Moyo wake ulisimama mchana mmoja akiwa karakanani, wakati boti imeshapakwa rangi ya mwisho na trela imeshapata magurudumu. Siku ya mazishi rafiki yake mmoja, fundi mwenzake, alipewa nafasi ya kusema. Alifika kwenye habari ya boti, na waombolezaji wakachangamka, kwa sababu kwetu hata kwenye mazishi lazima apatikane mmoja wa kuwapumzisha watu kulia.

"Nilimuuliza, boss, hiyo boti ni ya nini na hapa hakuna maji?" alisema. "Akaniambia, nataka mahali moja tu kwa hii dunia naeza pumzika makelele."

Watu walicheka, na wengi wakageuza shingo kunitazama, maana makelele ya nyumba ile yalijulikana ni ya nani. Nami nilicheka. Nilicheka hadi nikafuta machozi, na hakuna anayeshangaa kumwona mjane akifuta machozi.

Watu walipokwisha kurudi makwao na mahema kurudishwa kwa mwenyewe, neno lile lilibaki. Nilikwenda nalo kwenye mashine, nikalala nalo. Nilipika ugali wa watu wawili kwa muda mrefu kwa sababu mkono haujui habari za kifo, nikawapa kuku. Kidogo kidogo nikaanza kunyamaza. Sikuamua. Nilikuwa nikifungua mdomo kusema jambo, labda habari ya bei ya nyuzi au ya mtoto wa jirani, kisha nakumbuka kwamba yule aliyekuwa akiniitikia huenda alikuwa amechoka kunisikia siku nyingi. Wateja waliniuliza kama naumwa koo. Niliwaambia ni vumbi.

Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Kifo hakimchagui mtu. Lakini kumaliza ndoa nzima bila kujua kama mwenzako alikuwa akijenga, mbele ya macho yako, kitu cha kumpeleka mbali na wewe, nawe unaanika mashuka juu yake, hilo sikujua nilimeze vipi.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye hubeba maziwa kwa pikapu yake, ndiye aliyeniletea mnunuzi. Alikuwa mwanamume wa Baringo aliyetaka kutembeza wageni ziwani. Alizunguka boti, akaigonga tumbo, akasifu kazi. Kisha akapanda, akaondoa makopo ya gundi na mtungi wa mafuta vilivyokuwa vimekaa mbele siku zote, akaketi kwenye kiti cha mbele. Magoti yalimfika kidevuni.

"Hii seat imepimwa vibaya," alisema. "Na hii board ya hapa chini ni ya nini? Itolewe, mtu hawezi kunyoosha miguu."

"Hiyo ni ya kuweka mitungi," shemeji alijibu. "Brathe alikuwa anaweka mafuta hapo."

Mimi pia nilijua ni mahali pa mitungi, kwa sababu sikuwahi kuona kitu kingine pale. Nilipoona yule mtu anatoa tepu na kupima trela, ndipo mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema boti haiuzwi bado. Shemeji alinivuta kando, karibu na kibanda cha kuku.

"Shemeji, sasa unataka kuifanyia nini? Kuanika nguo?"

"Nataka kuipeleka."

"Kuipeleka wapi?"

"Pale alikuwa anataka kwenda nayo."

"Na wewe hata kuogelea hujui."

"Kwani ndugu yako alikuwa anajua?"

Aliangalia chini akacheka bila kutaka, akaenda kumwambia yule mtu asubiri hadi tutakaporudi. Kwa watu nilisema nakwenda kutimiza ndoto ya marehemu, na mchungaji akaniombea kwa jina hilo. Haikuwa kweli. Nilitaka kuuona ule ufuo kwa macho yangu, nijue ulikuwa na nini hata mtu atamani kuufuata na kuniacha nyumbani.

Tuliondoka Agosti, pikapu ya shemeji ikivuta trela, shule zikiwa zimefungwa na sweta zote zimechukuliwa. Eldoret ilikuwa na baridi yake ya Agosti, ile ya mvua ndogo isiyokwisha, nami nilivaa sweta mbili na kufunga nyingine tatu kwenye mfuko. Tulipita Kitale, tukapita Kapenguria, barabara ikaanza kushuka, nikavua moja. Ikashuka tena, nikavua ya pili. Tulipofika Lodwar nilikuwa nimekaa na leso mabegani, na ule mfuko wa sweta ukawa aibu tupu. Shemeji aliniuliza kama nimeleta za kuwauzia ngamia. Siku nyingine ningempa jibu lake palepale, lakini niliangalia tu dirishani.

Kule Kalokol, kando ya ziwa, tulimpata mvuvi wa kutuongoza, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma katika joto lile. Nami, kwa ugonjwa wa kazi, niliangalia mishono ya kofia kabla ya kuangalia uso wake. Kesho yake mimi na shemeji tuliamka alfajiri, tukajifunga, tukasimama tayari, kwa sababu sisi watu wa mashamba tunajua kazi ni ya asubuhi na mvua ni ya mchana. Ziwa lilikuwa linachemka. Upepo ulitupiga mchanga usoni, na mvuvi wetu alikuwa amekaa nyuma ya ukuta akinywa chai.

"Mama, huu upepo ni wa asubuhi," alisema. "Wacha uchoke kwanza."

"Unachoka saa ngapi?"

"Utauona tu."

Tukakaa kama mizigo hadi jua lilipopanda na upepo ukaanza kupungua kweli. Ndipo wakaisukuma boti kutoka kwenye trela, shemeji na wavuvi wengine, maji yakiwafika mapajani. Niliogopa kwamba itazama. Kisha niliogopa kwamba haitazama, kwamba itaelea vizuri kabisa, na alichokitaka kitakuwa kweli. Ilielea. Ilitikisika kidogo ikatulia, na ile rangi ya bluu niliyoizoea kati ya kuku na mahindi ikaonekana mpya, kama kitu cha watu wengine.

Mitungi ya mafuta tuliipanga mbele, kwenye kile kiti na kile kibao, mahali pake pa siku zote, tukaifunga kwa kamba. Mimi na shemeji tuliketi katikati bega kwa bega, miguu yangu ikining'inia, na mvuvi nyuma kwenye injini. Aliivuta kamba mara moja tu, ikawaka. Ule mlio ulikuwa wa Jumapili. Nilifumba macho nikasikia harufu ya pipa lile la maji, na nikalia bila sauti hadi tulipotoka kwenye ghuba.

Basi huo ndio ulikuwa ufuo wake. Maji yalikuwa ya kijani kama yale yanayobaki sufuriani ukishachemsha kunde. Kushoto kwetu mchanga ulikwenda na kwenda, mara miti michache ya mikoma imesimama mbalimbali, mara mdomo wa mto usio na maji, mara mbuzi wanaokunywa bila mchungaji kuonekana. Pengine miti iliyokufa ilisimama ndani ya ziwa lenyewe, kwa sababu maji yalipanda yakaifuata nchi kavu. Tulipita mamba aliyelala mchangani, hakujisumbua kutuangalia. Mwanamke mmoja alikuwa akitembea peke yake ufuoni na kitu kichwani, nikampungia mkono, akasimama, akatutazama hadi tukapotea. Sijui alikuwa anatoka wapi. Hakukuwa na nyumba mbele yake wala nyuma yake.

Palikuwa pazuri. Nilichukia kwamba palikuwa pazuri.

Hatukuwa tumekwenda mbali injini ilipoanza kubadilika. Ule mlio wa Jumapili ukawa mwembamba, mkavu, na boti ikapunguza mwendo ingawa mvuvi hakuwa amegusa kitu. Aliweka kiganja karibu na injini, akakiondoa haraka.

"Imechemka vibaya," alisema. "Nikiendelea itashika ife kabisa, Mama." Akaizima.

Kimya kilichotuangukia sijawahi kukisikia Eldoret, hata usiku. Boti ikaanza kujiendea polepole, ubavu ubavu. Mvuvi alitazama kama maji ya kupoza yanapita, yalikuwa yanapita. Shemeji alisema hivi ndivyo tutakavyokufa, kisha akaanza kusema tungeuza hii kitu mapema. Nilikuwa nasikia sauti nyingine, ile ya koo, ya mtu aliyeinamia pipa: hewa ya huku kwetu ni nyembamba.

Ya huku kwetu. Nikaangalia pande zote, joto, mchanga, ile hewa nzito inayokukalia kifuani. Tulikuwa tumeshuka kutoka Eldoret siku nzima. Injini ya watu ilikuwa imenyimwa mafuta Jumapili baada ya Jumapili ili ipatane na Kapsoya, na hapa, penye hewa tele, ilikuwa inakufa kwa njaa. Nilianza kucheka. Fundi mzima! Fundi aliyegombaniwa na Moi's Bridge yote ametengeneza boti ya Turkana ikapendeza sana, ila ameipimia hewa ya nyumbani, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuishi mahali pengine. Hakuna mvuvi duniani angefanya kosa hilo. Lilikuwa kosa la mtu wa mlimani, na lilikuwa lake kabisa, nikampenda kwa ajili ya hilo hadi nikashika mbavu.

"Shemeji, uko sawa?" mdogo wake aliniuliza kwa hofu.

Nilimwambia mvuvi aiache ipoe, kisha akiiwasha avute choki nusu, ile ya kuvuta asubuhi ya baridi ili injini inywe mafuta zaidi, na aiache hapo hapo nusu. Aliniangalia, akamwangalia shemeji, akafanya hivyo. Injini ilikohoa, ikameza, ikarudi na mlio mzito ambao sikuwahi kuusikia. Tulisubiri kwa woga. Haikuchemka tena.

"Kumbe fundi ni wewe," mvuvi alisema.

"Fundi alikuwa mzee wangu. Mimi nilikuwa nashika tochi."

Kumbe pamoja na maneno yangu yote nilikuwa nikimsikiliza. Hilo lilinipa faraja kidogo, lakini halikuwa jibu la swali langu.

Jioni hiyo tulilala kwenye kambi ya wavuvi, watu wachache na vibanda vya makuti ya mikoma. Walitupa samaki, nami nikagawa zile sweta, kwa sababu alfajiri upepo wa huko una meno yake. Simu haikuwa na mtandao. Nilitembea peke yangu ufuoni kabla jua halijazama, nikasimama mahali ambapo sikuona mtu wala kibanda wala mbuzi. Hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Nilimwelewa mume wangu, na kumwelewa kukaniuma. Yeyote angependa kupumzika hapa. Ningemlaumu kwa lipi? Nilitamani kumwambia mtu kwamba maji yamebadilika yakawa ya zambarau, na mtu pekee ambaye ningemwambia ndiye niliyedhani alikuwa amechoka kuambiwa. Nilirudi kambini nikiwa nimekata shauri kwamba tukirudi nyumbani, mnunuzi aichukue boti.

Siku ya pili tuliendelea kaskazini upepo ulipochoka. Choki ikiwa nusu, injini ilikunywa kama ngamia, na mitungi ya mbele ikawa inamiminwa mmoja baada ya mwingine nyuma kwenye tangi, na mitupu ikarundikwa miguuni mwetu tuijaze tena kwenye kambi ya mbele. Wa mwisho ulipotoka mbele, boti ikaanza kuinua pua. Ilipanda kila wimbi na kuanguka nalo kwa kishindo, maji yakaturukia usoni.

"Mbele ni nyepesi," mvuvi alipiga kelele. "Mmoja akae huko, uzito ishuke!"

Shemeji alikwenda kwanza, maana ndiye mzito. Aliketi kwenye kile kiti, magoti yakamfika kidevuni kama yule mnunuzi. Hakuwa na pa kujishikiza, kila wimbi likawa linamrusha kama gunia la viazi. Alivumilia kidogo, kisha akarudi kwa kutambaa.

"Hiyo kiti si ya binadamu," alisema.

Basi nikaenda mimi. Nilitambaa nikiwa nimeshika ubavu wa boti, sketi imelowa, nikajigeuza, nikaketi. Miguu yangu ikatua.

Ilitua yote miwili, nyayo nzima, kwenye kile kibao. Magoti yalikaa sawasawa, mgongo ukaegemea. Wimbi lilikuja, nikasukuma kwa miguu, nikabaki nilipo. Niliinama kutazama. Kibao kilikuwa kimeinama kidogo kunielekea, kama kile cha chini ya mashine, na juu yake, chini ya mafuta yaliyomwagika na alama za mviringo za makopo, kilikuwa kimevishwa mpira wa tairi kuukuu. Miaka yote nilikuwa nimeona makopo. Kopo la gundi halihitaji mpira ili lisiteleze.

Nilishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Sikuweza kuona ufuo kwa muda. Huenda ni kweli alimwambia yule rafiki yake anataka kupumzika makelele. Labda alimaanisha ya nyundo na grinda, labda na yangu pia yalimo, sitajua. Lakini makelele yangu alikuwa ameyapimia kiti, akayaweka mbele kabisa, mahali ambapo yeye akiwa nyuma kwenye injini angeniona mimi kwanza kabla ya kuona kitu kingine chochote. Kibao hicho nilikuja kukifungua mwenyewe kwa spana zake kabla boti haijaenda Baringo, na mnunuzi akafurahi, akidhani nimemfanyia hisani.

Lakini pale majini sikuwa na hisani kwa mtu. Nilikasirika. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika akiwa hai. Miaka saba ulishindwa kusema neno moja? Miaka saba naanika mashuka kwenye kiti changu mwenyewe! Niligeuka nyuma kumwambia hivyo, kwa nguvu, kwa mdomo wazi, nikamkuta mvuvi mwenye kofia ya kufuma, ametazama mbele kwa makini, mkono kwenye injini.

Nikageukia mbele tena. Mchanga ulikuwa bado unakwenda, na mbali sana kulikuwa na mstari wa matete ambako mvuvi alisema mto unaingia ukitoka Ethiopia. Nilianza kuzungumza. Nilimwambia mume wangu habari ya choki, na jinsi injini yake ilivyotuaibisha mbele ya watu. Nilimwambia bei ya nyuzi imepanda, jirani amehama, yule kuku mwekundu amekufa. Nilimwambia maji jana jioni yalikuwa ya zambarau. Maneno ya miezi yote ile ya vumbi la koo yalitoka kwa mpigo, na upepo ukayachukua yakiwa hayajafika hata katikati ya boti.

"Unasema nini, shemeji?" mdogo wake aliita kutoka nyuma, kiganja sikioni.

"Siongei na wewe," nilimjibu, nikakaza miguu kwenye kibao, nikaendelea.